Kipimo na Swali Lake: Historia ya Uchunguzi wa Vichafuzi vya Kemikali katika Maji ya Visima, kutoka Woburn hadi Vikuge

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya upimaji wa vichafuzi vya kemikali ogania, yaani kemikali ambazo msingi wake ni kaboni, katika maji ya kunywa yatokayo visimani. Visa vitatu vinajadiliwa: visima vya mji wa Woburn na kambi ya Lejeune nchini Marekani, pamoja na visima vya Vikuge, wilayani Kibaha, Tanzania. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha maji hujibu lile swali tu lililoulizwa. Maji yaliyothibitishwa kuwa salama kwa kipimo kimoja yaliweza kubeba sumu ambayo kipimo hicho hakikuundwa kuitafuta. Makala yanaonesha pia kwamba kuchelewa kuuliza swali sahihi kuliwanyima waathirika afya na, baadaye, ushahidi.

1.0 Utangulizi

Tarehe 22 Mei 1979 visima viwili vya mji wa Woburn, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, vilifungwa. Visima hivyo, vilivyojulikana kwa herufi G na H, vilikuwa vimechimbwa mwaka 1964 na 1967 kando ya mto Aberjona, na maji yake yalikuwa yakinywewa zaidi na wakazi wa upande wa mashariki wa mji. Havikuwa visima vilivyotelekezwa bila kuangaliwa. Maji yake yalipimwa vimelea, na mwaka 1967 maofisa wa afya wa jimbo walipotilia shaka hali ya vimelea, dawa ilipatikana: kuanzia mwaka 1968 maji hayo yalitiwa klorini. Kwa mizani ya wakati ule, tatizo lilikuwa limetatuliwa.

Kilichogunduliwa mwaka 1979 hakikuwa kimelea. Kilikuwa trikloroethilini, kiyeyushi kinachotumika viwandani kuondoa grisi kwenye vyuma. Katika kisima G kiwango chake kilikuwa maikrogramu 267 katika kila lita ya maji, na katika kisima H maikrogramu 183. Kikomo ambacho sheria ya Marekani ilikuja kukiweka miaka minane baadaye ni maikrogramu 5 tu.

Namba hizi ni ndogo kiasi kwamba ni vigumu kuzifikiria. Maikrogramu moja katika lita ni takriban sehemu moja katika sehemu bilioni moja. Kijiko kimoja cha chai cha trikloroethilini, kikichanganyika sawasawa katika maji, kinatosha kufikisha kwenye kikomo hicho lita zaidi ya milioni 1.4, yaani shehena ya malori ya maji yapatayo 146 yenye matangi ya lita 10,000 kila moja. Uchafuzi wa aina hii hauonekani kwa macho, na kwa viwango vingi hauna ladha wala harufu. Mnywaji hana njia ya kuujua isipokuwa kwa kipimo. Kwa sababu hiyo, historia ya vipimo ni sehemu ya historia ya afya ya watu wenyewe: ambapo kipimo hakikufika, ujuzi nao haukufika.

2.0 Urithi wa Kipindupindu

Ili kuelewa kwa nini visima vya Woburn vilikubaliwa kwa muda mrefu, ni lazima kurejea katika karne ya 19. Mwaka 1854 daktari John Snow alifuatilia vifo vya kipindupindu katika mtaa wa Soho, jijini London, na kuonesha kwamba vilizunguka pampu moja ya maji katika barabara ya Broad Street. Pampu hiyo ilivuta maji ya kisima. Mwaka 1884 Robert Koch alitangaza matokeo yake kuhusu kimelea cha ugonjwa huo. Tangu hapo swali kuu juu ya maji ya kunywa likawa moja: je, yamechanganyika na kinyesi?

Swali hilo lilijibiwa kwa ustadi mkubwa. Wataalamu hawakulazimika kutafuta kila kimelea cha maradhi. Walitafuta bakteria wa jamii ya kolifomu, ambao kuwepo kwao huashiria kwamba maji yamefikiwa na kinyesi. Mwaka 1914 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliweka viwango vyake vya kwanza vya maji ya kunywa, navyo vilikuwa viwango vya bakteria. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1908, mji wa Jersey City ulikuwa umeanza kutia klorini katika maji yake. Kipimo hicho na klorini kwa pamoja viliokoa maisha ya watu wengi mno, na hakuna historia ya haki inayoweza kuvibeza.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalibadili maana ya maneno. Maji safi yakawa ni maji yasiyo na vimelea. Chini ya fasili hiyo, kisima kirefu kilipewa heshima ya pekee, kwa kuwa udongo na mchanga huchuja vimelea kadiri maji yanavyozama. Imani hiyo ilikuwa ya kweli kwa vimelea. Haikuwa ya kweli kwa viyeyushi vya viwandani. Trikloroethilini ni nzito kuliko maji kwa karibu mara moja na nusu. Ikimwagwa ardhini hupenya udongo, hupita hata usawa wa maji ya ardhini, na kuendelea kuzama hadi ikutane na tabaka gumu. Hapo hutulia na kuyeyuka kidogo kidogo kwa miongo mingi. Mtaalamu Mjerumani Friedrich Schwille ndiye aliyeieleza tabia hiyo kwa kina kupitia majaribio yake, na kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1988, wakati visima vya Woburn vilikuwa vimekwisha kufungwa kwa miaka tisa.

Urithi huo wa kipindupindu haukuishia Ulaya na Marekani. Ushauri wa kuchemsha maji, ambao kila kaya ya Afrika Mashariki inaufahamu, ni mtoto wa swali lile lile la karne ya 19. Kuchemsha huua vimelea, hakuondoi DDT.

3.0 Kuzaliwa kwa Kipimo Kipya

Wataalamu wa maji hawakuwa wamelala kabisa. Katika miaka ya 1950 walitumia njia ya kupitisha maelfu ya lita za maji katika chujio la mkaa maalumu, kisha kuukausha mkaa huo na kuuosha kwa klorofomu ili kuondoa kilichonaswa. Mabaki yaliyopatikana yalipimwa uzito. Mwaka 1962 viwango vya Marekani vilipendekeza kikomo cha maikrogramu 200 kwa lita kwa mabaki hayo. Njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ilitoa uzito bila jina: ilisema kuna kitu, haikusema ni kitu gani. Pili, kemikali zinazogeuka mvuke kwa urahisi zilipotea wakati wa kukausha na kuandaa mabaki. Trikloroethilini ni miongoni mwa kemikali hizo. Kwa maneno mengine, hatua za kipimo zenyewe zilikuwa zikiifukuza sumu kabla ya kuhesabiwa.

Mabadiliko yalitoka katika fani nyingine. Mwaka 1952 A. T. James na A. J. P. Martin, nchini Uingereza, walichapisha njia ya kromatografia ya gesi, ambayo hutenganisha mchanganyiko wa kemikali kwa kuzipitisha katika bomba jembamba, kila moja ikitoka kwa wakati wake. Mwaka 1957 James Lovelock alibuni kitambuzi cha kunasa elektroni, chombo kidogo chenye wepesi wa ajabu wa kuhisi kemikali zenye klorini. Chombo hiki ndicho kilichowezesha mabaki ya DDT kuonekana katika viumbe na mazingira, miaka ile ile ambayo Rachel Carson alikuwa akiandaa kitabu chake cha *Silent Spring*, kilichotoka mwaka 1962.

Kwa upande wa maji ya kunywa, mwaka wa kukumbukwa ni 1974. Johannes Rook, mkemia wa mamlaka ya maji ya Rotterdam nchini Uholanzi, alionesha kwamba klorini inayotiwa majini huungana na mabaki ya mimea yaliyomo na kuzaa klorofomu pamoja na ndugu zake. Mwaka huo huo Thomas Bellar na James Lichtenberg, waliokuwa katika maabara ya serikali mjini Cincinnati, walichapisha njia ya kupuliza gesi ndani ya sampuli ya maji ili kuzitoa kemikali zinazovukika, kuzinasa katika mtego, kisha kuzipeleka katika kromatografia. Kasoro ya kukausha ilikuwa imepata ufumbuzi. Kilichokuwa kikitoroka sasa kilikamatwa na kupewa jina.

Novemba mwaka huo taarifa za kemikali zilizogunduliwa katika maji ya New Orleans ziliwashtua wananchi, na tarehe 16 Desemba 1974 Rais Gerald Ford akatia saini Sheria ya Maji Salama ya Kunywa. Mwaka uliofuata uchunguzi wa maji ya miji 80 ulikuta klorofomu katika yote. Mwaka 1979 kikomo cha klorofomu na wenzake kikawekwa kuwa maikrogramu 100 kwa lita. Swali jipya lilikuwa limeingia katika sheria. Lakini lilikuwa swali kuhusu kemikali zinazozaliwa na klorini. Viyeyushi vya viwandani vilisubiri hadi mwaka 1987, na kikomo chao kikaanza kutumika mwaka 1989.

Hivyo, tangu mwaka 1974 chombo cha kuviona viyeyushi kilikuwepo, na kwa zaidi ya muongo mmoja hapakuwa na sheria ya taifa iliyomlazimu mwenye kisima kukitumia kwa kazi hiyo. Woburn na Lejeune zilitokea ndani ya pengo hilo.

4.0 Woburn: Swali Lililoulizwa na Wazazi

Wakazi wa mashariki mwa Woburn walilalamika kuhusu ladha na harufu ya maji kwa miaka mingi. Lawama ilielekezwa kwa klorini. Mwezi Januari 1972 mtoto wa mkazi mmoja, Anne Anderson, aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Katika safari za hospitali mama huyo alianza kukutana na wazazi wa mtaa wake ambao watoto wao walikuwa na ugonjwa uleule. Akajiuliza kitu gani kilikuwa cha pamoja baina ya nyumba hizo, na jibu lake likawa maji. Hakuwa na chombo cha kuthibitisha. Alikuwa na orodha ya majirani.

Visima havikupimwa kwa sababu ya swali hilo. Vilipimwa kwa bahati. Mwezi Mei 1979 mapipa 184 ya taka za viwandani yalikutwa yametupwa katika kiwanja karibu na visima, na maofisa wa jimbo, wakihofia mapipa hayo, waliamua kuchunguza maji kwa kutafuta kemikali. Baadaye ilidhihirika kwamba mapipa yale hayakuwa chanzo cha uchafuzi wa visima. Chanzo kilikuwa katika maeneo ya viwanda yaliyouzunguka mto, ambako viyeyushi vilikuwa vimezama ardhini bila kuacha alama juu. Kilichoonekana kwa macho kiliwaongoza watu hadi kisimani, ingawa sumu yenyewe ilitoka pengine. Jambo hili litajitokeza tena Vikuge.

Mwezi Januari 1981 taarifa ya idara ya afya ya jimbo na Kituo cha Udhibiti wa Magonjwa cha Marekani ilieleza kwamba kati ya mwaka 1969 na 1979 watoto 12 wa Woburn walipata saratani ya damu, ilhali idadi iliyotarajiwa kwa mji wa ukubwa ule ilikuwa 5.3. Sita kati yao waliishi katika eneo moja. Mwezi huo huo mtoto wa Anne Anderson alifariki. Mwaka 1982 familia nane zilifungua kesi dhidi ya kampuni zilizohusishwa na maeneo hayo.

Kesi hiyo, iliyosikilizwa mwaka 1986 na baadaye kusimuliwa katika kitabu cha Jonathan Harr, *A Civil Action*, cha mwaka 1995, inafundisha jambo ambalo mara nyingi hupitwa na wasimuliaji. Baraza la wazee wa mahakama lilitakiwa kujibu si tu kama kemikali zilitoka katika eneo fulani, bali pia ni mwezi na mwaka gani zilifika visimani. Swali hilo lilikuwa la msingi kisheria, kwa kuwa ugonjwa ulioanza kabla ya sumu kufika usingeweza kusababishwa nayo. Lakini sampuli za kemikali za kabla ya mwaka 1979 hazikuwepo. Wataalamu walilazimika kukisia mwendo wa maji ya ardhini kwa hesabu. Hata pampu za visima vilivyofungwa ziliwashwa upya kwa siku 30, kuanzia Desemba 1985, ili kuona maji yanavutwa kutoka upande gani. Jaribio hilo lilionesha mkondo ulivyo. Halikuweza kurudisha maji yaliyonywewa mwaka 1970.

Tarehe 28 Julai 1986 kampuni moja ilionekana haina hatia na nyingine ikapatikana na hatia, kisha shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 8. Muongo mmoja baadaye uchunguzi wa idara ya afya ya jimbo ulionesha uhusiano baina ya saratani ya damu kwa watoto na maji ya visima hivyo yaliyonywewa na mama zao wakati wa ujauzito. Jibu lilifika, lakini lilifika baada ya hukumu.

5.0 Lejeune: Jibu Lisiloombwa

Ikiwa Woburn inaonesha hasara ya kutouliza, kambi ya wanamaji ya Lejeune, katika jimbo la North Carolina, inaonesha hasara ya kupata jibu na kutolisikia. Kambi hiyo ilitegemea maji ya visima vilivyochimbwa ndani ya eneo lake. Maji ya visima vingi yalikusanywa katika mitambo, yakasafishwa, kisha yakasambazwa katika nyumba za askari na familia zao.

Mwezi Oktoba 1980, kwa kujiandaa na kikomo kipya cha klorofomu, maabara ya jeshi ilianza kupima sampuli kutoka mtambo wa Hadnot Point. Mkemia alikuwa akitafuta klorofomu na jamaa zake. Chombo kilionesha alama za kemikali nyingine zilizoingiliana na zile alizotumwa kuzitafuta, kiasi cha kuvuruga hesabu. Katika fomu za matokeo aliandika kwa mkono kwamba maji hayo yalikuwa yamechafuka sana, na mapema mwaka 1981 akaongeza kwamba vichafuzi hivyo vilikuwa viyeyushi vyenye klorini. Fomu zilipokelewa na kuhifadhiwa.

Mwaka 1982 maabara binafsi iliyopewa kazi hiyo ilikuta usumbufu uleule na ikautaja kwa majina: trikloroethilini katika maji ya Hadnot Point, na tetrakloroethilini katika maji ya mtambo wa makazi ya Tarawa Terrace. Sampuli moja ya Hadnot Point ya mwezi Mei 1982 ilikuwa na maikrogramu 1,400 za trikloroethilini kwa lita, yaani mara 280 ya kikomo kilichokuja kuwekwa baadaye. Hata hivyo, visima vyenyewe havikuanza kufungwa hadi Novemba 1984, na vya Tarawa Terrace hadi Februari 1985.

Sababu za kuchelewa huko ni za kiutawala na pia za kitaalamu. Kiutawala, viyeyushi havikuwa na kikomo cha kisheria, hivyo maji hayakuwa yamevunja sheria yoyote iliyoandikwa. Kitaalamu, sampuli zilichukuliwa kwenye maji yaliyochanganywa na si katika kila kisima. Visima vilipokezana zamu ya kuvuta maji. Siku ambayo kisima kichafu kilikuwa kazini, matokeo yalipanda; siku kilipopumzika, yalishuka. Msomaji wa matokeo ambaye hakujua ratiba ya pampu aliweza kuamini kwamba namba kubwa ilikuwa kosa la maabara. Upimaji wa kisima kimoja kimoja ulipoanza mwaka 1984, fumbo lilifumbuka. Kwa upande wa Tarawa Terrace, uchafuzi ulifuatiliwa hadi kwa dobi aliyekuwa nje ya kambi, ambaye alisafisha nguo kwa kemikali badala ya maji.

Uchafuzi wa maji ya kambi hiyo unakadiriwa kuanza mwaka 1953. Miongoni mwa watoto waliozaliwa na familia za kambi hiyo ni Janey Ensminger, aliyefariki kwa saratani ya damu mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka tisa. Baba yake, askari Jerry Ensminger, alitumia miaka mingi kudai kumbukumbu za vipimo zifunguliwe. Mwaka 2012 Marekani ilipitisha sheria ya matibabu kwa waathirika wa Lejeune, na mwaka 2022 sheria nyingine ikawaruhusu kufungua madai mahakamani. Kati ya maandishi ya mkono ya mkemia yule na sheria ya mwaka 2022 ilipita miaka zaidi ya 40.

6.0 Vikuge: Kilichobaki Baada ya Usafi

Visa viwili vilivyotangulia ni vya nchi tajiri yenye viwanda vingi, na mtu anaweza kudhani kwamba havihusiani na visima vya Afrika Mashariki. Lakini kemikali ogania hazikuingia katika ardhi ya Tanzania kwa mlango wa viwanda pekee. Ziliingia pia kwa mlango wa kilimo. Kitambuzi kilekile cha Lovelock ndicho kinachozifichua, kwa kuwa DDT nayo ni kemikali yenye klorini.

Mwaka 1986 tani 170 za viuatilifu, ambavyo sehemu yake ilikuwa imekwisha muda wa matumizi, zilipokelewa kama msaada kutoka Ugiriki na kuhifadhiwa katika shamba la Vikuge, wilayani Kibaha, mkoani Pwani. Vilihifadhiwa katika banda la wazi. Banda hilo hatimaye lilianguka, na viuatilifu vikabaki vimetapakaa juu ya ardhi, vikinyeshewa mvua za masika na vuli. Mwaka 1996 mabaki yaliyoonekana yaliondolewa. Kwa macho ya mpita njia, eneo lilikuwa limesafishwa.

Wanasayansi kutoka Sweden na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Michael Kishimba na Matobola Mihale, walichunguza udongo na maji ya eneo hilo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la *Ambio*. Udongo wa juu katika baadhi ya sampuli ulikuwa na DDT na mazao yake hadi asilimia 28, pamoja na kemikali za kundi la HCH hadi asilimia 6. Mabaki hayo yalikutwa hadi kina cha sentimita 50. Katika maji ya visima na ya juu ya ardhi, viuatilifu vya jamii ya klorini vilifikia maikrogramu 30 kwa lita. Kwa kulinganisha, kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa DDT na mazao yake katika maji ya kunywa ni maikrogramu 1, na Umoja wa Ulaya huruhusu jumla ya maikrogramu 0.5 kwa viuatilifu vyote kwa pamoja. Watafiti walihitimisha kwamba udongo uliobaki ulikuwa wenyewe ni taka hatarishi, na kwamba kuondoa mabaki yanayoonekana si lazima kumalize tatizo.

Umuhimu wa matokeo haya unazidi namba zake. DDT haiyeyuki majini kwa urahisi. Hupenda kushikamana na udongo. Kwa desturi hiyo ingetarajiwa kubaki juu na kutofika kisimani kwa wingi. Kukutwa kwake katika maji kulionesha kwamba matarajio ya vitabuni hayatoshi kuwa badala ya kipimo. Aidha, orodha ya kemikali zilizokutwa haikuishia kwa DDT na HCH, bali ilijumuisha aldrini, heptakloro, pendimethalini na nyinginezo. Laiti watafiti wangetafuta DDT peke yake, hizo nyingine zingebaki gizani kama viyeyushi vya Woburn.

Hapa ndipo mapipa ya Woburn na banda la Vikuge yanapokutana. Katika Woburn kilichoonekana hakikuwa chanzo cha sumu ya visima. Katika Vikuge kilichoonekana kilikuwa chanzo kweli, lakini kuondolewa kwake kuliacha sumu ardhini. Katika visa vyote viwili macho yalitoa taarifa pungufu, na kipimo ndicho kilichosahihisha.

7.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba kila kipimo cha maji kina swali ndani yake, na kila swali lilizaliwa na msiba uliotangulia. Kipindupindu kilizaa kipimo cha kolifomu. Hofu ya klorofomu ilizaa kipimo ambacho, bila kukusudiwa, kilifichua viyeyushi vya Lejeune. Msiba wa visima ulichangia kuzaa vikomo vya mwaka 1987. Mpangilio huo una maana moja nzito: watu wanaokunywa maji katika kipindi cha kati, baada ya sumu kufika na kabla ya swali kuulizwa, ndio wanaolipa gharama ya ujuzi wa wale watakaofuata. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa familia za Woburn kilikuwa katika glasi ya maji mezani.

Mambo matatu yanajitokeza kutokana na uchambuzi huu. La kwanza ni kwamba cheti cha maji hakina budi kusomwa pamoja na orodha ya vitu vilivyotafutwa. Kisima kilichopimwa kolifomu, chumvi na floridi kimethibitishwa kwa mambo hayo tu. La pili ni kwamba mahali na wakati wa kuchukua sampuli vina uzito sawa na chombo cha maabara, kama zamu za pampu za Lejeune zilivyoonesha. La tatu ni kwamba maji ya jana hayawezi kupimwa leo. Baraza la mahakama la mwaka 1986 lilikosa ushahidi ambao chupa moja ya sampuli kwa mwaka, tangu njia ya mwaka 1974 ilipopatikana, ingeweza kuuhifadhi walau kwa sehemu.

Vipimo vya kemikali ogania ni ghali, na hakuna mamlaka inayoweza kutafuta kila kemikali katika kila kisima. Lakini historia ya kisima huanzia juu ya ardhi. Palipokuwa na ghala la viuatilifu, karakana, kiwanda au dalali wa mafuta, swali la kuulizwa tayari linajulikana kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa. Vikuge ilijulikana kwa miaka 10 kabla ya kusafishwa, na wanakijiji waliliona banda lilipoanguka. Katika Woburn majirani walitambua ladha ya maji kabla ya maabara. Ujuzi wa wenyeji juu ya kilichomwagwa, lini na wapi, ni kumbukumbu inayostahili kuandikwa mapema na kupelekwa pamoja na chupa ya maji mezani pa mkemia. Pasipo ujuzi huo, maabara hujibu kwa usahihi swali ambalo pengine halikuwa lile lililohitajika.